Mgongoni kwa Mkamwana

Tusekile alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi kuliko kwa sura. Kila mzee Ambindwile alipokaribia kona ya njia au kuingia uani alikohoa, kikohozi kikavu ambacho hakikutokana na ugonjwa wowote, na Tusekile akikisikia aliacha lolote alilokuwa akifanya. Kama yuko njiani, alijitosa migombani akageukia upande mwingine mpaka viatu vya mpira vya mzee vipite vikilialia kwenye matope. Kama yuko jikoni, alirudisha mlango. Siku moja kikohozi kilimkuta katikati ya uwanja na ndoo ya maji kichwani, hana pa kwenda. Akachuchumaa palepale na ndoo yake, akajifunika kanga usoni, maji yakimchuruzika shingoni, mpaka mzee alipopita.

Ndivyo mila ilivyotaka. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, na mwanamke hathubutu kulitaja jina la baba wa mume wake. Mama mkwe, Esnath, alikuwa amemwambia siku ileile ya kwanza alipoletwa Suma kutoka Kiwira: "Baba yako huyu humwoni. Hata ukimwona, hukumwona." Na kuhusu jina alikuwa mkali zaidi. Masikioni mwa Esnath jina Ambindwile lilikuwa karibu mno na neno kupindua, kwa hiyo Tusekile alilazimika kuliacha na neno lenyewe. Ndizi za kuchoma jikoni kwake ziligeuzwa. Gari likilala kwenye mtaro, lilikuwa limeanguka.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, na mambo mengi yalikuwa yamelegea. Malori yalitoka Dar es Salaam kuja kuchukua ndizi, mitumba ilitandazwa kila siku ya soko, na mabinti walioolewa nyumba za jirani waliwaamkia wakwe zao kwa sauti kubwa huku redio zikiimba dirishani. Lakini mzee Ambindwile hakuwa mtu wa kulegea. Alikuwa mzee wa kanisa, mnyofu, mwenye huruma kwa wajane, asiyeonja pombe, na katika mila hii alisimama pale aliposimama baba yake. Hakuwa na chuki na mke wa mwanawe. Kwake hiyo ilikuwa heshima, na heshima haijadiliwi. Aliyekuwa huru katika boma lile alikuwa Bupe, binti mdogo wa Tusekile, ambaye alipanda magotini kwa babu yake apendavyo na kumvuta ndevu, mama yake akiwa amejibanza nyuma ya mlango akisikiliza wanavyocheka.

Katikati ya masika, kaka yake Esnath alifariki huko Kisiba. Wanaume kwa wanawake wa kitongoji chote wakapanda lori kwenda mazikoni. Esnath akamfunga Bupe mgongoni na kwenda naye. Amoni, mume wa Tusekile, alikuwa Dar es Salaam na ndizi zake. Mzee Ambindwile alibaki kwa sababu mchungaji alikuwa safarini na ibada ya Jumapili ilimtegemea yeye. Angewafuata wenzake Jumatatu. Tusekile akaachwa na ng'ombe. Na kwa kuwa haikufaa watu hao wawili kubaki peke yao, Tupokigwe, mjane mzee wa nyumba ya jirani, akaombwa awe anampikia mzee na kupitapita kuangalia hali.

Jumamosi ile mvua ilianza alfajiri, ile mvua ya Rungwe isiyo na haraka, inayonyesha kama haina kazi nyingine. Ukungu ulishuka mpaka kwenye mapaa. Tusekile alikuwa jikoni akimenya magimbi aliposikia sauti ya mwanamume ikitoka nyuma ya zizi. Haikuwa kikohozi. Ilikuwa kilio kilichokatwa katikati, kama cha mtu aliyejiziba mdomo mwenyewe.

Akatoka mbio. Nyuma ya zizi kulikuwa na korongo refu ambamo mzee alipanda matete ya ng'ombe. Ukingo ulikuwa umemeguka. Udongo mwekundu mbichi ulionekana, na chini kabisa, karibu na maji, koti la kahawia lilikuwa likijaribu kuinuka na kushindwa.

Miguu ya Tusekile ikakwama. Hakujua afanye nini na macho yake. Akayapeleka kwenye matete.

"Nani huko juu?" mzee aliuliza.

Hakuweza kumjibu. Akapiga makofi mawili.

Mzee akaelewa ni nani. Kisha sauti ikasema, safari hii kwa utaratibu, kana kwamba inazungumza na mtu wa tatu: "Asishuke. Aende akaite watu. Mguu umevunjika."

Akakimbia. Alibisha hodi nyumba ya kwanza, kuku wakamjibu. Ya pili ilikuwa na kufuli. Ya tatu alikuta mlango umeegeshwa na ndani hakuna mtu, majivu ya jana tu mekoni. Wote walikuwa Kisiba. Alipofika kwa Tupokigwe alikuwa hana pumzi. Bibi yule alikuwa ameinama mbele ya moto, mgongo umekunjika kama mundu, mikono inatetemeka hata kwa kushika kijiko.

"Mama, baba ameanguka korongoni. Mguu umevunjika. Wako wapi wanaume?"

"Kyala! Mungu wangu!" Tupokigwe akashika kichwa. "Wanaume wote si wako msibani? Jioni labda baadhi watarudi."

"Jioni atakuwa ameshakufa kwa baridi. Amelala kwenye maji."

"Nenda barabarani ukasubiri mtu yeyote apite."

"Kwa mvua hii? Atapita nani?"

Bibi akasogeza kuni motoni. Alijua kilichokuwa kikija na hakutaka kuwa wa kwanza kukitamka. Tusekile akakitamka: "Itabidi nimtoe mimi."

"Mwanangu, mimi baba mkwe wangu aliingia kaburini bila kuuona uso wangu. Mpaka leo naisimulia kama sifa. Watu watakuuliza. Na yeye mwenyewe, ukimgusa, utamvunja kitu kingine zaidi ya mguu."

Tusekile alisimama mlangoni, kanga yake inadondosha maji sakafuni. Alimwogopa Esnath. Alimwogopa mzee mwenyewe. Na chini ya woga huo kulikuwa na woga wa zamani, wa utotoni, wa hadithi za wanawake waliovimba matumbo kwa kuvunja mwiko. Lakini alipofumba macho alichokiona kilikuwa lile koti la kahawia.

"Kwaheri, mama," alisema.

Alikuwa ameshafika kwenye migomba Tupokigwe alipomwita. Bibi alikuwa amesimama kizingitini na blanketi lake la pekee mkononi, lile alilolalia.

"Chukua. Mimi sijasema kitu."

Juu ya korongo Tusekile alipiga magoti kuomba. Hakuwa na maneno mengi ya kumwambia Mungu. Kilichomjia ni habari iliyosomwa kanisani wiki chache nyuma, na aliyeisoma alikuwa mzee huyuhuyu aliyelala huko chini: habari ya mama mkwe wa Petro aliyekuwa hoi kwa homa, na jinsi Bwana alivyoingia nyumbani, akamshika mkono na kumwinua. Siku ile, upande wa wanawake, Tusekile alikuwa amejiuliza jambo la kijinga, kwamba huyo Petro mwenyewe wakati huo alikuwa amesimama wapi, ndani au nje ya mlango. Sasa halikuwa la kijinga tena. Bwana hakuuliza nani ni mkwe wa nani. Alimshika mkono kwa sababu alikuwa mgonjwa.

"Tata," akaita, yaani baba kwa Kinyakyusa. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu aolewe. "Hakuna watu. Wote wako Kisiba. Nashuka."

"Usishuke!"

"Nashuka, tata. Nitakupa mgongo. Hutaniona uso, wala mimi sitakutazama."

Akaanza kushuka kinyumenyume, ameshikilia matete, miguu ikitafuta pa kukanyaga. Alisikia mzee akihema kwa maumivu, na katikati ya kuhema akisema kwa ukali, "Kushoto. Kushoto kuna jiwe." Akalikanyaga jiwe. "Sasa chini kidogo. Hapo pana utelezi." Kwa hiyo walisaidiana kufika, yeye anayekatazwa na yule anayekataza.

Alipofika alichutama, mgongo kwake, akapitisha blanketi nyuma bila kugeuka. "Jifunike, kisha unishike mabega."

Hakuna mkono uliokuja. Maji yalipita chini yao yakigugumia.

"Mimi ni mzee wa kanisa," sauti ilisema nyuma yake, ndogo kuliko alivyoizoea. "Nitapandaje mgongoni kwa mke wa mwanangu kama mtoto?"

"Bupe hupanda mgongoni kwangu kila siku," Tusekile alijibu. "Na yeye ni mzito kuliko wewe."

Hakujua maneno yale yametoka wapi. Alingoja kukaripiwa. Badala yake mkono mmoja, baridi kama chuma, ukagusa bega lake la kulia. Kisha wa kushoto. Akafunga blanketi kifuani kama mbeleko, akaingiza mikono chini ya mapaja ya mzee, akainuka.

Alikuwa mwepesi kweli. Tusekile alikuwa amebeba mikungu ya ndizi tangu akiwa msichana, na hapakuwa na mkungu uliowahi kumwumiza moyo kwa wepesi wake kama mzee huyu. Lakini njia ilikuwa sabuni tupu. Alipanda hatua, akarudi nusu. Kila mguu uliovunjika ulipogonga kitu, mzee alinguruma na kusema, "Si kitu. Endelea." Walikuwa wamekaribia ukingo, amekwisha kuona paa la zizi, udongo ulipotoka chini ya mguu wake. Wakaanguka ubavu na kuteleza mpaka kwenye shina la mgomba, likawazuia.

Alipofumbua macho alikuwa anatazamana na baba mkwe wake, pua kwa pua.

Wala hapakuwa na uso wa kuona. Tope jekundu lilikuwa limemfunika mzee kuanzia kipaji hadi kidevu, macho mawili tu yakipepesa, na ndevu zimeshikana kama mkia wa ng'ombe aliyelala kwenye maji. Na kwa jinsi macho yale yalivyomtazama, Tusekile akajua kwamba yeye mwenyewe hakuwa na nafuu.

Mzee alitoa sauti. Tusekile alidhani ni maumivu. Kisha akaona mabega yanatikisika.

"Hukusema uongo," mzee alisema akiwa hana pumzi. "Uso wako sijauona hata sasa."

Wakacheka wote wawili, wamelala topeni, mvua inawanyeshea, mmoja na mguu uliopinda pabaya na mwingine na kiwiko kilichochubuka. Wakacheka mpaka kicheko cha mzee kikageuka kilio cha maumivu. Hapo Tusekile akainuka, akamgeukia waziwazi, akamshika chini ya makwapa, na wakamaliza ile sehemu iliyobaki uso kwa uso, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi zaidi.

Jiko lake ndilo lililokuwa karibu. Alimlaza mekoni juu ya mkeka, akachochea kuni, akamvua viatu vya mpira. Kimoja kilitoka, kingine alikichana kwa kisu. Goti lilikuwa zima, lakini chini yake mguu ulikuwa umevimba na kupindia nje. Alichagua vijiti viwili vya kuni vilivyonyooka, akachana kanga yake kuukuu, akaufunga kwa jinsi alivyoweza, akiomba radhi kwa kila fundo. Kisha akachemsha maji, akamwosha uso, mikono, na miguu. Mzee alikuwa amefumba macho. Alipomvua koti lililoloa na kumvalisha sweta nzito ya Amoni, alijilegeza kama mtoto aliyechoka, lakini chozi moja lilitoka pembeni ya jicho na kushuka sikioni. Tusekile akalifuta pamoja na tope, kama vile naye hakujua tofauti.

"Huko Tukuyu wanaweza kuunga mfupa huu," alisema. "Lakini tutafikaje?"

Jibu lilikuja kwa mngurumo. Barabarani chini ya boma lori lilikuwa likipanda kwa gia nzito. Tusekile aliruka nje, akashuka kupitia katikati ya migomba, na kusimama katikati ya barabara, mikono juu. Fuso iliyojaa mikungu ya ndizi ilifunga breki na kuteleza, ikasimama karibu naye kiasi kwamba alihisi joto la injini.

Dereva, kijana mnene aliyeitwa Samson, mtu wa Makambako, akatoa kichwa dirishani. "Dada! Unataka kufa?"

"Kaka yangu, nina mgonjwa. Mguu umevunjika. Tupeleke hospitali Tukuyu."

"Mimi naenda Kiwira. Nikifika njia panda napinda kulia, Tukuyu ni kushoto. Mzigo huu una wenyewe wananisubiri, na barabara ndiyo hii unaiona. Nikichelewa, nitalala njiani."

"Ni baba yangu," Tusekile alisema.

Samson alimtazama, mwanamke aliyejaa tope hadi kwenye nywele, kiwiko kinatoka damu. Akasonya, si kwake bali kwa mvua. Kisha akazima gari na kushuka. "Yuko wapi huyo baba?"

Walimbeba pamoja mpaka kwenye kibini. Mzee aliketishwa dirishani, mguu wake umelazwa juu ya mapaja ya Tusekile, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine ya kuuweka. Njiani lori lilicheza kama mlevi, na kila lilipoyumba upande wa bonde Samson alisema, "Usiogope, mzee, halipinduki hili," na Tusekile alishtuka kwa neno lile kuliko kwa bonde. Mzee aliliona hilo. Aliendelea kumtazama kwa muda, mkunjo umeingia katikati ya nyusi, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu.

Kwenye njia panda Samson alipinda kushoto bila kuuliza tena.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi mrefu aliyeitwa Lilian, mchapakazi, Mchaga wa Moshi aliyehamishiwa Tukuyu mwaka ule na aliyekuwa bado hajaizoea baridi. Alivaa sweta mbili chini ya gauni lake jeupe. Alimwangalia mgonjwa mguu, akatikisa kichwa kuvisifu vile vijiti, akamgeukia Tusekile.

"Jina la mgonjwa?"

Tusekile alifungua mdomo. Akaufunga tena.

"Dada, jina la mzee."

"Ni… ni baba yake Amoni."

"Huyo Amoni ni nani?"

"Mume wangu."

"Sawa. Na baba yake anaitwa nani?"

"Ni mzee wa kanisa kule Suma. Ukiuliza Suma, wote wanamjua."

Lilian alishusha pumzi. "Dada yangu, siwezi kwenda Suma kuuliza. Umemleta mwenyewe, umemfunga mguu, unamwita baba. Jina lake hulijui?"

Watu kwenye benchi walikuwa wamegeuka. Mama mmoja wa makamo alielewa, akainama na kutazama kikapu chake kwa aibu, kana kwamba ni yake. Tusekile alihisi jasho chini ya nguo zilizoloa. Alikuwa amemgusa, amemwosha, amemvua na kumvika, na bado neno hili moja lilikuwa limemshinda.

Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho yamefumbwa. Angeweza kulitaja jina lake mwenyewe na mambo yakaisha. Tusekile alimtegemea afanye hivyo. Badala yake akanyoosha mkono na kumshika kifundo cha mkono.

"Liseme, mwanangu," alisema kwa Kinyakyusa.

"Tata, siwezi."

"Ni jina langu. Nilipewa mimi, siyo jirani. Nakuomba ulitaje."

"Mama atasema nini?"

"Mama yako nitazungumza naye mimi. Umenibeba mgongoni leo, mkamwana wangu. Nililala pale kwenye maji nikiomba Mungu alete mtu, na alipomleta nikamwambia asishuke. Usinifanye niwe mjinga mara mbili. Litaje."

 Tusekile akamtazama muuguzi kwa sababu hakuweza kuwatazama wote wawili kwa pamoja.

"Ambindwile," alisema.

Hakuna kilichotokea. Mvua iliendelea kugonga bati. Lilian aliandika, akauliza, "Umri?" na mtoto mmoja huko ndani akaanza kulia. Tusekile alijishika tumbo bila kujua. Lilikuwa tumbo lake lilelile, tena lilikuwa linaguna kwa njaa. Akashangaa jinsi hewa ilivyoingia kifuani, nyingi, mpaka chini, kama mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa ameuzoea hata akasahau kwamba ni mzigo.

Habari ilifika Kisiba Jumapili, na Jumatatu asubuhi Esnath akafika wodini.

Tusekile alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimnywesha mzee uji. Mguu ulikuwa umeshanyooshwa na kufungwa plasta. Alisikia mlio wa kandambili ukikoma ghafla, akainua macho, na kumwona mama mkwe wake amesimama mlangoni, nguo za msiba bado mwilini, matope hadi magotini, Bupe amelala mgongoni. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wawili wa Suma.

Kijiko kilibaki hewani. Tusekile alianza kuinuka, lakini mzee akamshika kanga. "Kaa. Uji haujaisha."

 Esnath alitembea taratibu kati ya vitanda mpaka akafika. Alimtazama mumewe, ule mguu mweupe, mashavu yaliyoingia ndani. Halafu akamtazama mkamwana wake, kiwiko kilichofungwa bandeji, macho mekundu kwa kukesha.

"Walituambia Kisiba kwamba amekufa," alisema. "Mtu wa lori alisema mzee wa kanisa wa Suma ameanguka korongoni. Watu wakaongeza yao. Njia nzima nimekuja nikimlilia." Akapangusa macho. "Kaka yangu nimemzika Ijumaa. Nilikuwa najiuliza nitazika na huyu lini."

"Mama, nisamehe," Tusekile alisema. "Hapakuwa na mtu mwingine. Nilimgusa. Na hapa… waliniuliza jina, nikalitaja."

Wanawake wawili pale nyuma wakavuta pumzi kwa pamoja. Esnath akakaa sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. Akafungua mbeleko, akamweka Bupe mapajani, na kuanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, akipangusa pua kwa ncha ya kitenge.

"Ulimtoa mwenyewe? Lile korongo lote?"

"Tulianguka mara moja."

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu," Esnath alisema. "Ndaga fijo. Kumbe ningekukuta umekaa jikoni umefunga mlango, heshima imekamilika, na maiti iko mateteni? Ningekufanya nini? Ningejifanya nini mimi niliyekufundisha?" Akageuka kwa wale wanawake na kuwakazia macho mekundu. "Mmemwona? Haya. Nendeni mkasimulie vizuri, msije mkasimulia vibaya."

Mzee Ambindwile alirudi nyumbani siku za mavuno ya maharage, kwa magongo. Wazee wenzake wa kanisa walikuja kumwona, wakajaa sebuleni, na baada ya sala mmoja wao, Hezron, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli yale yanayosemwa, maana vijana walikuwa wameanza kuuliza kama mila imefutwa.

"Mimi sijafuta kitu," mzee alimjibu. "Anayetaka kumheshimu mkwewe kwa kukaa mbali na akae. Lakini nimewasomea watu miaka yote hii habari za Bwana akiwagusa wenye ukoma na wenye homa, nikafunga kitabu, nikarudi nyumbani, nikakohoa uani ili mtoto huyu akimbie na ndoo kichwani. Nilidhani heshima ni yangu mimi ya kupewa. Huyu alinipa kubwa kuliko hiyo, nami nilikuwa namkataza." Akaita, "Tusekile! Njoo usalimie wazee."

Akaja. Hakuzoea, lakini aliamkia mmoja baada ya mwingine na wote wakaitikia. Hezron naye akaitikia, akatafuta la kusema, akasema mvua za mwaka huu ni nyingi.

Wageni walipoondoka walibaki watatu, na Bupe amelala kwenye kiti. Esnath alileta sahani ya ndizi zilizopikwa na maharage, juu yake vipande vya parachichi. Mzee alikula mpaka nusu ya sahani. Kisha akainua kichwa.

"Mama Amoni, chakula hiki. Tangu niwe hospitali nilikuwa nakiota. Kuna siku unapika hivi, na kuna siku unapika vile vingine vyako. Kwa nini usipike hivi kila siku?"

Esnath alimtazama Tusekile. Tusekile akatazama dari.

"Vile vingine ni vyangu," Esnath alisema. "Hivi ni vyake. Miaka yote umekuwa ukinisifia mimi, na mimi nimekuwa nikinyamaza. Nani hapendi sifa?"

Mzee akaweka kijiko chini. Akamtazama mkewe, akamtazama mkamwana, na ile mikunjo ya uso wake ikaanza kufunguka mmoja mmoja.

"Basi na ile mboga ya Pasaka iliyozidi chumvi?"

"Hiyo ilikuwa yangu," Esnath akasema haraka.

"Hapana, mama," Tusekile akasema. "Hiyo nayo ilikuwa yangu. Ulinisitiri."

Mzee alicheka mpaka gongo likaanguka, na Esnath akamwambia aangalie mguu, na Bupe akaamka akataka kujua wanacheka nini. Nje mvua ilikuwa imekatika kidogo, ng'ombe analia kudai majani. Tusekile akasema anakwenda kumkatia, lakini kila alipojaribu kuinuka kicheko kilimrudisha chini, na mwishowe Esnath akachukua mundu na kwenda mwenyewe.